Mstari wa Rula

Ripoti ilichapwa kabla ya jaribio. Ndivyo maabara yetu ilivyofanya kazi. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja ulionyooka kwenda juu: ukizidisha chumvi majini, umeme unapita zaidi, bila kikomo. Mkurugenzi aliuchora mwenyewe kwa rula. Ilibaki saini yangu mimi, mpimaji, na mkataba wangu ulikuwa unaisha Ijumaa.

"Bosi, chumvi hii ya kalsiamu haiko hivyo," nilimwambia. "Ikizidi sana, umeme unapungua."

"Dada, wewe pima tu. Kufikiri tuachie sisi."

Jumatano wafadhili wakaja kujionea. Mkurugenzi, ndani ya koti jeupe lenye mikunjo ya dukani, akashika kijiko mwenyewe. Kila alipotia chumvi, bika, lile kopo la kioo lenye maji, lilipata moto, tukasubiri lipoe ndipo tupime. Mwanzoni namba zilipanda, watu wakapiga makofi. Kijiko cha nane zikashuka. Akasema mita ya kupimia umeme ni mbovu. Ikaletwa nyingine, nayo ikashuka vilevile.

Mama mmoja kati ya wageni akanigeukia. "Mwanangu, kwani kuna nini?"

Ningenyamaza, lakini mdomo wangu haujui kukaa kimya.

"Mama, kila chembe ya kalsiamu hutaka kuzungukwa na chembe sita, saba hivi za maji. Chumvi ikiwa kidogo, maji yanatosha, chembe zinatembea na umeme unapita. Ikizidi, zinagombania maji yaleyale, zinang'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe, na maji yanakuwa mazito. Hakuna anayekwenda."

"Na hapa wakuu mko wangapi?"

"Saba," Mkurugenzi akajibu kwa fahari.

"Wapimaji?"

Wote wakanitazama mimi. Mama yule alicheka mpaka akatafuta kiti.

Ijumaa niliitwa ofisini, roho juu. Sikufukuzwa. Nilipewa cheo: Naibu Mkuu wa Vimiminika, chenye ofisi, kiti cha kuzunguka, na marufuku ya kugusa mita, maana si hadhi yangu tena. Karatasi ya kwanza mezani ilikuwa ripoti ileile, mstari haujapinda hata kidogo.

"Saini hapo chini, Mheshimiwa," akasema Mkurugenzi. Hakuwahi kuniita hivyo.

Nilikuwa nimeapa kutosaini uongo ule hata wanifukuze. Kwamba wangenipandisha cheo, hilo sikulifikiria. Nikazunguka na kiti mara moja, mara mbili. Kisha nikasaini, na mpaka leo namwonea aibu mtu yeyote anayeniita Mheshimiwa.