Kikohozi cha Fumi

Theluji ilikuwa imefika usawa wa dirisha. Kinue alikaa karibu na jiko akishona mfarishi wa kumpa mdogo wake Tokuji, aliyekuwa anatimiza miaka sitini. Aliuunga kwa nguo kuukuu za watu wa nyumba yao, kisha akapitisha uzi mweupe juu ya buluu akihesabu nyuzi za kitambaa, moja, tatu, tano, kwa maana mishono ya Tsugaru, kwao kaskazini mwa Japani, haikubali shufwa.

Kipande cha mwisho kilitoka kwenye nguo ya kazi ya dada yao mkubwa, Fumi. Alipokifikia, kilikuwa kinapumua. Kinue akawa anangoja kishushe pumzi ndipo achome sindano, na kazi ikaenda polepole. Jioni kilikohoa mara mbili. Alikisugua kama mtu anavyosuguliwa mgongo, akaendelea.

Fumi alipelekwa kiwanda cha nyuzi akiwa na miaka kumi na mitatu. Kifua kikuu kilimuua hukohuko. Iliyorudi ni nguo. Baba yao hakwenda kuchukua majivu ya maiti yake, watu wasije wakasema nyumba ile ina ugonjwa. Kwenye jiwe la kaburi la ukoo jina lake halimo.

Tokuji aliupokea mfarishi kwa mikono miwili, akausifu joto lake. Siku ya tatu alikuja kwa dada yake.

“Fumi hata akiwa kitambaa haninyamazii, dada. Wewe humsikii?”

“Nilimshona mimi, nitaachaje kumsikia? Hana pa kulala. Mwandike kwenye jiwe, Tokuji. Mkuu wa nyumba ni wewe.”

Tokuji alikunywa chai mpaka ikaisha. Alisema binti yake anaposwa, na wakwe wakiona jina jipya watauliza huyo alikufa kwa nini.

“Nitakuwa namwekea maji ya moto,” alisema.

Kinue alikata uzi kwa meno. “Yasiwe ya moto sana. Hapendi.”

Tangu hapo, kila jioni Tokuji aliweka kikombe kwenye pembe ya mfarishi, na asubuhi alikikuta kitupu. Kikohozi kilipungua. Posa ikakubaliwa.

Kiangazi, wakwe walikuja kuwasalimu wafu wa ukoo. Walilimwagia jiwe maji kama ilivyo desturi, wakasoma majina yote, hakuna lililowatia shaka. Kinue hakwenda nao. Alibaki nyumbani kwa Tokuji, kwa kuwa mtu alihitajika wa kujaza kikombe, wageni wasije wakasikia kikohozi.