Hesabu ya Bwana Mkaguzi

Siku tuliyomzika Mwalimu Tsuma, mzee mmoja wa kanisa alisema marehemu alikuwa mtiifu kwa wakubwa wake siku zote. Watu waliitikia. Mimi nilitazama chini. Nilifanya kazi naye miaka minne katika shule yetu ya udongo, kati ya Frere Town na Mishomoroni, na najua utii huo ulimgharimu nini. Naandika nisije nikasahau.

Mwaka 1947 shule ilikuwa na madarasa manne tu. Mwalimu Tsuma alifundisha la tatu na la nne, mimi la kwanza na la pili, sote katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa turubai. Vitabu vya hesabu tulipewa vilipokwisha kuchakaa katika shule ya watoto wa Kizungu. Ndani mlikuwa na majina yao, na majibu yao kwa penseli. Kila Januari tulikaa siku mbili tukiyafuta.

Mvulana aliyemaliza darasa la nne alipelekwa shule ya bweni, mwendo wa siku nzima. Msichana alirudi jikoni kwa mama yake. Ndiyo sababu Mwalimu alilitaka darasa la tano liwe hapa hapa, na mwaka ule alilitaka zaidi kwa ajili ya Kache. Kache alikuwa na miaka kumi na minne, na hesabu alizifanya kichwani wenzake wakiwa bado wanachora mistari. Mama yake, Nyamvula, alikuwa mjane, akiuza vitumbua njia panda.

"Mwalimu, sikufichi," Nyamvula alimwambia mbele yangu. "Mtoto wangu wa kike halali kwa watu nisiowajua. Darasa likiwa hapa, atasoma. Lisipokuwapo, posa imekwisha kuja kutoka Mishomoroni, nami sina la kuwajibu."

"Nipe mpaka mwisho wa mwaka, Mama Kache."

"Nimekupa. Lakini wao hawatangoja sana."

Basi chumba kilijengwa kwanza, ruhusa itafutwe baadaye. Wazazi walikata fito na kukandika udongo. Mzee Khamis, jirani yetu, ambaye wanawe hawakusoma kwetu, alitoa makuti ya paa zima. Alikuja kutazama kazi, akasimama na bakora yake.

"Wallahi nyie watu mna haraka," alisema. "Mwajenga nyumba, na bibi arusi hajasema ndiyo!"

"Atasema, Mzee Khamis," Mwalimu akamjibu akicheka. "Inshallah na kwenu, inshallah na kwetu."

Aliyekuwa wa kusema ndiyo ni mkaguzi wa shule, Mzungu kutoka idara ya elimu. Tuliandikiwa kwamba angekuja mwezi wa Septemba.

Kabla sijaieleza siku hiyo, niseme jambo moja ambalo Mwalimu alinisimulia tukirudi nyumbani jioni moja. Katika shule yake ya kwanza, Mzungu msimamizi alihesabu majina ya watoto akatangaza sitini na moja. Yalikuwa sabini na moja. Mwalimu alikuwa kijana, akasema mbele ya darasa, kwa adabu zote, "Samahani, bwana, ni sabini na moja." Wiki ile ile alihamishwa. Kwenye faili lake paliandikwa kwamba ana kiburi.

"Miaka tisa sasa," aliniambia. "Kila ninapokwenda, Kahindi, neno lile limefika kabla yangu."

Bwana Mkaguzi alifika saa nne kwa motokaa, amevaa kaptula na kofia ngumu. Hakuwa mtu mkali. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wazungu wa mashamba ya bara, nasi tulikuwa tumewaonya watoto wasicheke.

"Jambo, watoto. Nyinyi iko soma mzuri?"

"Ndiyo, bwana!"

Waliimba, wakasoma, akatingisha kichwa kwa kuridhika. Niliinua pembe ya turubai nione. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya mgeni, karibu na mlango, na uso wake ulikuwa umeanza kulegea kwa furaha. Kisha mkaguzi akachukua chaki. Akaandika ubaoni arobaini na nane mara saba, na chini yake jibu: mia tatu ishirini na sita.

"Hii hesabu iko sawasawa?"

Watoto wetu walilelewa namna moja, wa Kigiriama na wa Waswahili pia. Mtu mzima akikuita kwa jina la ndugu yako, unaitikia abee, unakwenda. Mgeni akikosea, mgeni hakukosea. Waliutazama ubao, wakamtazama yeye.

"Ndiyo, bwana."

Kache peke yake alinyoosha mkono.

Mkaguzi alikuwa bado ameelekea upande wa wavulana, hakumwona. Mwalimu alimwona. Nami nilimwona Mwalimu. Alitikisa kichwa kidogo sana, kisha akashusha kiganja polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Kache akasita. Mkono ukashuka.

"Wote nasema sawasawa?"

"Ndiyo, bwana."

Mkaguzi aliweka chaki chini, akamgeukia Mwalimu na kusema naye kwa Kiingereza. Jibu lilikuwa mia tatu thelathini na sita, alisema, na alikuwa amekosea makusudi. Wiki iliyopita alifanya vivyo hivyo katika shule ya Wazungu ng'ambo ya daraja, na mtoto wa miaka minane alimpigia kelele kabla hajamaliza kuandika. Alicheka kidogo alipomkumbuka mtoto huyo. Kisha akasema wa kwetu wanakariri tu, hawafikiri, na darasa la tano si mahali pa kukariri.

Nilingoja Mwalimu aseme. Maneno yenyewe yalikuwa machache: yule msichana alijua, mimi ndiye niliyemzuia. 

"Ndiyo, bwana," alisema.

Na mimi niliyekuwa nyuma ya turubai, niliyesoma sekondari miaka miwili na kujiona mjuzi wa Kiingereza, sikusema hata hilo.

Motokaa ilipoondoka tuliwaruhusu watoto. Mwalimu alikaa kwenye benchi la mbele.

"Uliona," akasema.

"Niliona, Mwalimu."

"Nilidhani amekosea kweli. Nikasema moyoni, mtoto akimwumbua huyu, tumekwisha." Alipangusa chaki mkononi, ingawa hakuwa ameishika. "Akisema, nimewafunza kiburi na darasa hakuna. Asiposema, nimewafunza ukasuku na darasa hakuna. Wewe una akili, Kahindi. Nionyeshe njia ya tatu."

"Siioni."

"Yule mtoto wa ng'ambo ya daraja. Waonaje, mwalimu wake alihamishwa?"

 Hakungoja jibu; aliinuka akaufuta ubao.

Jioni ile alitaka kwenda kwa Nyamvula, akaniomba tufuatane. Tulimkuta njia panda, anageuza vitumbua, Kache amekaa kando anapepea moto. Kache alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Yeye mwenyewe hakukaa. "Mama Kache, darasa la tano hatutapata. Na mtoto wako hana kosa. Alitaka kusema jibu, nikamshusha mkono."

Nyamvula hakuinua macho kwenye chungu chake. "Ameniambia. Lakini ameniambia vingine. Alikuja hapa akasema, mama, Mwalimu Tsuma hajui mara saba."

Nimewahi kumwona Mwalimu akikaripiwa na wamisionari, na nimemwona akizika mwanawe. Sikupata kumwona na uso kama ule.

"Niliijua, Kache," akasema.

"Mia tatu thelathini na sita?"

"Mia tatu thelathini na sita."

"Basi kwa nini ulinikataza?"

Alijaribu. Alimweleza habari za sabini na moja, na faili, na hofu yake ya asubuhi ile. Kache alisikiliza vizuri, kama alivyosikiliza darasani, upepeo umetulia mkononi. Alipomaliza, akauliza, si kwa ujeuri, bali kama anayetaka kanuni apate kuitumia:

"Sasa Mzungu akiuliza tena, tuseme kweli au tuseme ndiyo?"

 Vitumbua vilianza kuungua, na Nyamvula hakuvigeuza, maana naye alikuwa akingoja.

"Sijui, mwanangu," Mwalimu akasema mwishowe.

"Nenda nyumbani, Mwalimu," Nyamvula alimwambia kwa upole. "Umechoka. Hata mimi ningemshusha."

Usiku ule aliandika barua kwa idara. Asubuhi niliinakili kwa mwandiko wangu, maana ulikuwa bora kuliko wake. Alieleza yote, jina la Kache, kiganja chake, kila kitu, na kuomba watoto wajaribiwe upya. Nilimwambia barua ile ingeongeza neno jingine kwenye faili. Alisema neno moja au mawili, faili ni lile lile.

Jibu lilikuja Desemba: ombi lingetazamwa tena baada ya miaka miwili. Kache aliolewa wiki ya pili ya Januari. Mwalimu alialikwa, akaenda, akala pilau, akaitikia vigelegele kwa kupiga makofi. Mzee Khamis alimfanyia mzaha kuhusu kile chumba kitupu, naye akacheka pamoja na wengine.

Jumatatu shule ilipofunguliwa, aliniita upande wake wa turubai akanipa kitabu cha hesabu cha darasa la nne.

"Hizi zichukue wewe," akasema. "Mimi nitabaki na kusoma na kuimba."

Nilidhani ni kwa muda. Aliishi mwaka mmoja na miezi minane zaidi, na katika muda wote huo hakuandika tena hesabu ubaoni.