Mahali ya Machibya

Mwaka ule wa tisini na sita, Bariadi ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga, kila mtu alikuwa huru. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao mpaka uani, ushirika ukabaki na maghala yenye popo, na aliyetaka kulala juu ya pamba yake akingoja bei ipande alilala. Kitu kimoja tu hakikuachiwa soko huria, nacho ni shule ya msingi ya kijiji, njia ya kwenda Mwamapalala. Hiyo ilitawaliwa na Kamati, na Kamati ilitawaliwa na mwenyekiti wake, Mzee Ndalahwa.

Esteria aliingia kwenye Kamati kwa nguvu ya waraka. Waraka ulitoka mjini ukitaka kila kamati ya shule iwe na mwanamke. Ndalahwa akatazama huku, akatazama kule, akamwona mjane wa mdogo wake, mtu asiye na maneno mengi, anayelima shamba la ukoo kwa hisani ya Ndalahwa mwenyewe. "Mlamu, utakuwa mjumbe," akamwambia. "Uje na majani ya chai."

Kwa miaka miwili, basi, Esteria aliiongoza elimu ya kijiji kwa birika. Wenzake wakijadili, yeye alimimina. Wenzake wakitia saini, Mwalimu Mkuu Constantine alimsogezea pedi ya wino apige dole gumba. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anajua kusoma. Alikuwa amehudhuria ngumbaru, masomo ya watu wazima, miaka mitatu mfululizo na alipewa cheti, lakini kwa kuwa swali halikuulizwa, hakuona sababu ya kulijibu.

Mwezi wa tano alipata habari kisimani, na aliyemletea ni mke wa Machibya, yule jirani wa shule, akiichota pamoja na maji kana kwamba ni jambo la furaha kwa wote wawili. Ndalahwa na Machibya walikuwa wameelewana. Nyanjige, binti pekee wa Esteria, aliyekuwa darasa la saba na anayeshika namba mbili au moja kila muhula, angeolewa na kijana wa Machibya mwezi wa nane. Mtihani wa taifa ulikuwa mwezi wa tisa.

Esteria aliweka ndoo chini. Alijua hana la kusema mbele ya shemeji yake. Shamba lilikuwa la Ndalahwa, ukoo ulikuwa wake, na mahari ya mtoto wa marehemu ilikuwa mkononi mwake. Akajikaza akaenda kwa Mwalimu Constantine. Mwalimu alimsikiliza kwa huruma ya kweli, akakuna kichwa.

"Mayu, mama yangu, suala la mtoto kuacha shule haliamuliwi na mimi," akasema. "Linapelekwa kwenye Kamati."

"Kwa Mwenyekiti?"

"Kwa Mwenyekiti, ndiyo. Yeye ataliingiza kwenye ajenda."

Esteria alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, kicheko kibaya, kile kinachoumiza mbavu bila kufurahisha moyo.

Sasa inabidi niseme jambo moja kuhusu ndimi zetu, na asikasirike mtu. Msukuma aliyekulia nyumbani kwao hana r. Anayo l, inamtosha, anaitumia kila mahali. Mwalimu Constantine alikuwa Msukuma wa namna hiyo, ila yeye alikwenda chuo cha ualimu pwani, na huko mkufunzi mmoja alimsimamisha mbele ya darasa zima akamfanya atamke "barabara ya reli" mara arobaini. Ulimi haukubadilika, lakini kalamu iliingiwa na hofu. Tangu hapo, kila neno alilolitilia shaka aliliandikia r, hasa likiwa neno zito la kiofisi. Mihtasari yake ilijaa "hera za shure" na "kurinda mari ya umma". Alipoisoma kwa sauti, r zote zilirudi kuwa l, kwa hiyo hakuna mjumbe aliyejua.

Mwezi wa sita Kamati ilikaa. Bati za msaada kwa madarasa mawili zilikuwa stoo tangu mwaka jana, na watoto wa darasa la tatu walikuwa wakisomea juani. Hoja ilikuwa moja: madarasa yajengwe wapi? Machibya, mwenye eneo linalopakana na shule, alikuwa amejitolea kipande cha shamba lake bure. Ndalahwa alimsifu mpaka chai ikapoa. Faki, mwenye duka, mjumbe aliyeunga mkono kila hoja ili awahi kwenda kufungua duka lake, aliunga mkono.

"Andika, Mwalimu," alisema Ndalahwa. "Mahali ya Machibya imekubaliwa kwa kauli moja, na Kamati inamshukulu."

Mwalimu akaandika.

Kikao kilichofuata muhtasari ulisomwa ili uthibitishwe. Mwalimu aliusoma kwa sauti nzuri ya darasani, akaweka karatasi mezani mbele ya Mwenyekiti. Esteria alikuwa amesimama nyuma ya bega la Ndalahwa, birika mkononi. Macho yake yakatua kwenye mstari wa nne. *Mahari ya Machibya imekubaliwa kwa kauri moja.*

Alisoma tena. Birika likainama, chai ikamwagikia sahani. Alielewa mara moja kosa limetoka wapi, na alielewa vilevile karatasi hiyo inakwenda wapi: kwenye ofisi ya elimu, mjini, kwa watu ambao kwao mahali ni mahali na mahari ni mahari. Angeweza kusema. Mjumbe yeyote ana haki ya kusahihisha muhtasari, ndivyo waraka ulivyosema.

"Kuna masahihisho?" aliuliza Ndalahwa, bila kumtazama mtu.

Esteria alifuta sahani kwa kitenge chake. Aliogopa, na chini ya hofu hiyo alisikia raha ambayo hakuwa ameionja tangu afe mumewe.

"Hakuna," alisema Faki.

"Imethibitishwa." Ndalahwa akasaini, Esteria akapiga dole gumba.

Hazikupita wiki tatu, Landrover ya ofisi ya elimu ikasimama chini ya bendera. Aliyeshuka ni Bi Asumini, afisa mgeni wilayani, mzaliwa wa Pangani, mwanamke mnene mwenye miwani na sauti ya upole iliyotisha zaidi kuliko ukali. Aliitisha Kamati, akamwita na Machibya, akafungua faili.

"Nimefanya kazi ya elimu miaka kumi na tisa," alisema. "Nimeona kamati zinazokula bati na kamati zinazolala. Kamati inayokaa kikao na kupitisha mahari kwa kauli moja, halafu ikanitumia nakala, hiyo sijapata kuiona. Haya, nielezeni."

Mwalimu Constantine alichungulia faili, akapauka kwa jinsi mtu mweusi anavyoweza kupauka. Ndalahwa akasimama.

"Mama, umetuelewa vibaya. Sisi tulisema mahali. Hatukusema mahali."

Bi Asumini alivua miwani. "Rudia, mzee wangu."

"Mahali! Siyo ile mahali ya ng'ombe. Mahali hii, ya chini!" Akaikanyaga sakafu mara tatu. Wajumbe wote wakaikanyaga pamoja naye, wakisema mahali, siyo mahali, gete, kweli kabisa, mama, mahali. Esteria alitazama ndani ya birika ili asicheke.

Huenda mambo yangeishia hapo, maana Bi Asumini alikuwa ameanza kuelewa na pembe ya mdomo ilikuwa inamcheza. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Akamgeukia Machibya.

"Wewe bwana ndiwe uliyetoa. Ulitoa nini hasa?"

Machibya alikuwa mtu mnyoofu, mwenye kujivunia ukarimu wake, na hakupenda nusu ya ukarimu huo isahauliwe mbele ya serikali.

"Mimi nimetoa zote mbili, mama," alisema. "Shamba nimewapa shule bule. Na ng'ombe za huyu binti wa malehemu, Nyanjige, kumi zimeshaingia kwa Ndalahwa. Zilizobaki zitakuja halusi ikiisha, mwezi wa nane."

Faki alikumbuka ghafla kwamba duka liko wazi.

"Nyanjige wa darasa la saba?" aliuliza Bi Asumini taratibu. Alikuwa na orodha ya watahiniwa kwenye faili lile lile. "Wazee wangu, hiyo ni jela. Tena si ya mtu mmoja."

Ndalahwa akakaa. Bi Asumini akafunga faili, na Esteria akangoja asikie hukumu. Lakini utaratibu ni utaratibu.

"Chombo chenye mamlaka hapa shuleni ni Kamati," alisema afisa. "Mimi siruhusiwi kuingilia. Kaeni sasa hivi, mwamue wenyewe, mniletee muhtasari. Na wewe Mwalimu, tafadhali, punguza hizo r."

Akaenda ofisini kwa Mwalimu kungoja, akiwa na kikombe cha chai ya Esteria.

Kamati haikuwahi kufikia uamuzi haraka namna ile. Machibya angerudishiwa ng'ombe zake, binti angefanya mtihani, na asizungumze mtu tena. Ndalahwa alitamka azimio huku akitazama ukuta: "Mahali ya Machibya imekataliwa." Mwalimu, jasho likimtiririka, aliandika kwa uangalifu mkubwa, bila hata r moja. Akasoma, Faki akaunga mkono, Ndalahwa akashika kalamu ya kutia saini.

Esteria alikuwa pale pale nyuma ya bega. Kwenye karatasi hiyo mahari haikuguswa. Kilichokataliwa ni uwanja wa madarasa. Darasa la tatu lingebaki juani, na ng'ombe wa Machibya wangebaki kwa Ndalahwa bila karatasi yoyote inayowataja. Afisa angegonga mhuri na kuondoka. Safari hii kunyamaza kusingemsaidia, na kusema kungemvua nguo ya ujinga aliyojificha ndani yake.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Hapo weka r. Hiyo imekuwa mahali."

Mwalimu alitazama, akajipiga paji la uso, akafuta, akaandika. Wengine wote walikuwa wakimtazama Esteria.

"Mlamu," alisema Ndalahwa. "Unasoma?"

"Nasoma."

"Kwa hiyo na ile ya kwanza uliiona."

"Niliiona, bhabha. Uliuliza kama kuna masahihisho. Mimi sikuwa na sahihisho."

Ndalahwa alitia saini polepole. Halafu akaweka kalamu juu ya meza na kutangaza ajenda ya mwisho, Mengineyo. Alieleza kwamba Kamati inahitaji mama mwingine, mwenye nafasi zaidi, kwani mlamu wake ana kazi nyingi za shamba. Faki, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisitasita, aliunga mkono. Azimio likapita kwa kauli moja, Esteria hakuhesabiwa.

Mwalimu Constantine aliandika. Alipomaliza aliitazama karatasi, akatazama ofisini alikokaa Bi Asumini, na hofu yake ikashinda aibu yake. Akaisukuma karatasi mpaka mbele ya Esteria.

"Mayu, samahani. Nitazamie hapo kabla haijakwenda kwa mama."

Nje, darasa la saba lilikuwa likiimba majedwali ya kuzidisha, na katikati ya sauti zile aliisikia ya Nyanjige, ikitangulia wenzake kidogo kama kawaida yake. Esteria aliomba kalamu. Palipoandikwa *ameondorewa* alikata r akaweka l, akasoma mstari mzima kwa kidole kuanzia mwanzo, bila haraka, wajumbe sita wakimngoja.

"Sasa iko sawa," alisema. "Thibitisheni."