Shule ya Poka

Mama mmoja, fundi wa cherehani, alikuwa na neno moja alilopenda kulisema mbele ya wateja: mapokezi. Binti yake wa pekee alikuwa amepiga deki pale zahanati miaka mitatu, na bosi wa zahanati, mwanamke asiyejua mzaha, alikuwa ametangaza kwamba atakayeleta cheti cha mapokezi kabla ya mwezi kwisha ndiye atakayekalia kiti cha mlangoni. Tangu siku hiyo mama hakuwa na raha. Alikuwa akishona huku akimwona mwanawe amekaa pale, kalamu mkononi.

Mchana mmoja binti akaja kibandani na simu. Alisema anachagua shule ya mtandaoni, unasoma kwa video tu, na kuna tatu zinamchanganya kichwa. Mama akaacha pindo la sketi, akaisogeza simu karibu na macho. Darasa lake la saba lilimtosha kusoma herufi kubwa zilizokuwa juu ya zote tatu: SHULE YA POKA. Akacheka. Watu wa mtandaoni bwana, wanafundisha kupokea wageni na neno lenyewe hawajui kuliandika, herufi e wameimeza.

Binti akanyamaza. Mzazi mwenzangu, mwanao akikunyamazia hivyo, acha kucheka, muulize.

Mama hakuuliza. Akachagua. Mwalimu wa kwanza alivaa kofia ndani ya nyumba, akamkataa. Wa pili alikuwa akitafuna kitu huku anafundisha. Wa tatu alivaa shati lililonyooshwa vizuri, kola imekaa sawasawa, na mama, ambaye kola ndiyo kazi yake, akasema huyo ndiye. Binti akauliza alipie wiki ya kujaribu au mwaka mzima.

"Mwaka," mama akasema. "Shule gani ya wiki moja? Usiniletee mambo ya kuonjaonja."

Wakalipa kwa akiba waliyokuwa wameiweka kwa ajili ya cheti, yote.

Siku ya tisa umeme ulikatika kibandani, mama akarudi nyumbani mapema. Binti alikuwa sebuleni, wala kazini hakwenda, na simuni yule wa kola alikuwa akisema ukishika karata kama hizi usione haya, ongeza dau.

Mama akauliza ni mgonjwa gani anayeongezewa dau. Binti akamweleza bila kuinua macho kwamba poka ni mchezo wa karata, watu wanaucheza kwenye simu kwa pesa, na yeye anajifunza jinsi ya kuwala wajinga.

"Na wewe humo ni nani?"

"Mama, usianze."

"Mlaji au mliwaji? Nijibu."

"Si wewe uliyemchagua? Ulisema kola yake nzuri."

Mama akainyakua simu. Akamwita yule mwalimu mwizi, akamwita mharibu watoto wa watu, akamtajia na mama yake aliyemzaa. Mwalimu akatabasamu, akasema sasa tuingie somo la sita.

"Hakusikii," binti akasema. "Hiyo ni video."

"Na wewe je? Na wewe ni video?"

Binti akaichukua simu yake taratibu, akaingia chumbani, akafunga kwa ufunguo. Mama akaongea na mlango mpaka koo likakauka. Alimwambia shule ya kweli bado ipo, atakopa pesa kwa wateja, siku zimebaki kumi na mbili. Kule ndani mwalimu alikuwa akifundisha.

Mwezi ukaisha. Mama akaenda zahanati kupima presha yake kama kawaida. Kwenye kiti cha mlangoni alikaa binti wa kinyozi, jirani yao wa nyumba ya tatu, kalamu mkononi, akainuka kwa heshima kumpokea.

"Shikamoo mama. Karibu, nikusaidie nini?"

Fundi alimtazama tangu nywele mpaka kola.

"Hunisaidii kitu," akasema, akageuka na presha yake akaondoka nayo.