Mlango wa Baraza kwa Mama Mapacha

Mlango wa kioo wa baraza la Mama Mapacha ulikuwa umemshinda fundi kwa miaka minne, na hilo fundi hakutaka hata kulisikia. Ulikuwa mlango wa kusukuma pembeni, wa vioo viwili vinavyopita juu ya reli. Ukiusukuma ufunge, juu unagusa fremu, chini unabaki na uwazi wa vidole viwili, na komeo halifiki mahali pake. Mvua ikinyesha, maji yanaingia sebuleni. Paka wa jirani naye alikuwa anaingia na kutoka kama mwenye nyumba, na kochi alilolichagua kulalia ni lile la wageni.

"Safari hii sitaki uje kunigusia-gusia," Mama Mapacha alimwambia kwenye simu. "Njoo utengeneze."

Fundi alifika saa tatu asubuhi, begi la vifaa begani na jibu mdomoni. Jibu lilikuwa lile lile la miaka yote: kosa ni la shemeji.

Shemeji alikuwa mdogo wa mkewe, na walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Shemeji anapima na kukata aluminiamu, fundi anafunga. Hawakuwa na maneno mengi kazini kwa sababu hapakuwa na haja. Mmoja akinyoosha mkono, mwenzake ameshauwekea bisibisi. Mlango huu ndio uliowatenganisha. Siku ya kuukabidhi ulipogoma kufunga, fundi alimgeukia shemeji mbele ya Mama Mapacha na wageni wake, akamwambia kwa sauti kwamba hajui kupima, kwamba anabebwa tu kwa ajili ya dada yake. Shemeji aliweka vifaa chini, akanawa mikono, akaondoka.

Tangu siku hiyo hajakanyaga kwa fundi. Mke wa fundi huenda kumwona mdogo wake kila Jumapili, peke yake. Akirudi hasemi kitu, na chakula cha jioni huliwa kimya kama cha watu waliokutana hotelini.

Ukweli ni kwamba fundi alimkumbuka sana shemeji. Alishapitisha wasaidizi watano na hakuna hata mmoja aliyemfaa; kila mlango uliogoma, kosa lilikuwa lao. Lakini kumfuata mtu ambaye yeye ndiye aliyeharibu kazi, hapana, hilo alilikataa katakata. Aliyekosa ndiye aje. Miaka minne alikuwa amekaa juu ya neno hilo, na lilikuwa limeanza kumuumiza makalio.

Alitoa vioo vyote viwili, kimoja kimoja, akaviegemeza ukutani. Akafagia reli. Mama Mapacha alivuta kiti akakaa kumtazama, mikono kifuani, kama msimamizi wa mtihani.

Kisha fundi akatoa pima maji, kifaa chenye kichupa cha maji na kipovu kinachokaa katikati kitu kikiwa kimelala sawa. Ilikuwa ya njano, ndefu kama mkono wa mtu, na aliitunza ndani ya taulo. Hakuna aliyeruhusiwa kuishika. Iliwahi kumponyoka mara moja tu kutoka ghorofani, mwezi mmoja hivi kabla ya kuufunga mlango huu. Aliiokota, akaifuta vumbi, akaona haijapasuka, akanyamaza. Hakuna fundi anayetangaza kwamba ameangusha pima maji.

Akailaza juu ya reli. Kipovu kikatulia katikati kabisa.

"Unaona, mama? Reli imelala sawa. Fremu ndiyo ilikatwa vibaya. Hapa ni kukata nyingine."

"Yote?"

"Yote. Nilisema tangu mwanzo, yule bwana..."

Akatoka nje barazani ili atazame upande wa pili. Akapiga magoti, akailaza tena pima maji juu ya reli ile ile, mahali pale pale. Kipovu kikakimbilia kushoto.

Fundi akakitazama. Akafuta reli kwa kiganja, akaangalia kama kuna mchanga, akailaza tena. Kushoto. Akarudi ndani, akailaza. Katikati. Akatoka nje. Kushoto. Mama Mapacha alikuwa anageuza shingo kumfuata, huku na huku.

Alipotoka nje, mkono wa kulia ulikuwa umeishika vile vile, kwa hiyo pima maji ilikuwa imegeuka, kichwa kimekwenda miguuni. Na kila fundi anajua maana yake. Pima maji nzima, uigeuze utakavyo, inasema neno moja. Hii ilikuwa inasema mawili. Kuigeuza ndilo jambo la kwanza analofundishwa mwanafunzi, na yeye mwenyewe alishawafundisha wengi. Yake tu ndiyo hakuwahi kuigeuza.

Alikumbuka shemeji akiwa amechuchumaa hapo hapo mlangoni, akisema kwa upole, "Shemeji, hebu igeuze hiyo pima." Alikuwa amesema mara ya pili, na ya tatu. Naye alimjibu, "Wewe shika futi yako."

Akachukua futi, akapima vipande vya fremu. Juu na chini, sawa. Kushoto na kulia, sawa, bila kupishana hata unywele. Kazi safi. Akachungulia chini ya reli, upande ule kipovu kilikokimbilia, akaziona kabari tatu za mbao alizozigongomea kwa mkono wake, ili kipovu kikae katikati.

Ingekuwa rahisi sana kuzing'oa kimya kimya. Mlango ungefunga, angesifiwa, na shemeji angebaki na jina lake baya.

"Vipi?" Mama Mapacha akauliza. "Ni yule mwenzako?"

Fundi akaweka futi chini.

"Hapana, mama. Ni mimi. Yeye alikata sawa. Mimi ndiye niliyeinua reli."

Fundi akalegeza skrubu, akang'oa kabari, akaishusha reli na kuikaza upya, akarudisha vioo. Akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukaenda, ukagusa fremu juu na chini kwa wakati mmoja, na komeo likaingia lenyewe.

"Siku ile ulifoka mpaka majirani wakasikia," Mama Mapacha akasema. "Leo unaninong'oneza mimi tu?"

Fundi akatoa simu. Namba ya shemeji hakuwa ameifuta. Ikaita muda mrefu.

"Dada amepatwa na nini?" Ndiyo salamu aliyopokewa nayo. Sauti ilikuwa na hofu.

"Dada mzima. Shemeji, mimi niko kwa Mama Mapacha. Ule mlango..." Ulimi ulikuwa mzito kuliko vioo vyote viwili. "Pima yangu ilikuwa mbovu. Niliiangusha, nikaficha. Wewe ulikata sawa. Ulinionya mara tatu nikakudharau, nikakuaibisha mbele za watu. Nisamehe."

Shemeji akauliza jambo moja tu.

"Mama Mapacha yupo hapo?"

"Yupo."

"Weka spika. Rudia."

Fundi akaweka spika, akarudia yote kwa sauti ya kufoka, bila kuruka neno. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo nyumba ya jirani akasimama na shuka mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, shikamoo," simu ikasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Amesema hayo huku anacheka?"

Mama Mapacha akamtazama fundi.

"Hacheki kitu. Amekaa sakafuni. Anajifuta macho kwa kile kitambaa cha kusafishia vioo."

"Hicho kina dawa, kitamuunguza macho," shemeji akasema. "Mnyang'anye, mama, umpe kingine. Nakuja."