Mvuke Uliobaki

Msiniambie habari ya nishati safi. Mimi Namalwa, mpishi wa kiwanda cha ndala hapa Luzira, hiyo safi naijua.

Tulikuwa na mtambo uliochoma maganda ya kahawa. Ulizalisha umeme wa mashine, halafu mvuke uliobaki ukaja jikoni kwangu kwa bomba, ukaivisha posho, ule ugali wa huku, na maharage bila moshi hata kidogo. Ndiyo maana mume wangu Okeny aliweza kukaa nami jikoni. Alistaafu uaskari na kifua kibovu, na daktari alishamwambia moshi utamuua. Miaka yote ya ndoa alikuwa lindoni. Sasa ndiyo kwanza nilikuwa na mume mchana, anamenya ndizi za matooke, ananitania eti sisi Wakenya hatujui kupika. Nilikuwa na furaha, haki ya Mungu.

Kisha wakaleta sola ichukue nafasi ya mtambo. Mkurugenzi akaalika wageni, na karamu yenyewe niliipika kwa mvuke wa mtambo uleule waliokuwa wakiuzika. Nikampelekea injinia Emile sahani yake.

"Injinia, na moto wangu?"

"Nyabo, mama, umeme sasa ni wa jua. Safi kabisa."

"Sijauliza umeme. Nauliza moto wa sufuria."

Akatafuna kwanza. "Huo hatukuupigia hesabu," akasema. "Utaletewa kuni."

Woi! Kuni! Mtambo ukapakiwa kwenye lori, magogo yakashushwa palepale uliposimama.

Nikamwambia Okeny abaki nyumbani. Kuacha kazi siwezi, pensheni yake haitoshi hata dawa.

"Nyumbani nitakaa na nani?" akauliza. "Na kuta?"

Nikamfokea, nikamwita mkaidi, nikalia mbele yake. Wapi! Asubuhi akaja na kisu chake, akavuta kigoda mpaka mlangoni.

"Washa, mama. Watu watakula nini?"

Nikawasha. Kwa mkono wangu mwenyewe, mnasikia? Paneli zinang'aa huko juu ya paa, na huku chini moshi ukajaa, Okeny akaanza kukohoa huku anamenya.

Mpaka leo ndivyo ninavyopika. Akikohoa nakasirika, namtukana yeye na Emile pamoja. Akinyamaza, naacha kupuliza moto, nageuka haraka kumtazama.