Salamu za Wodi ya Wazazi

Sista Swaumu alihamishiwa kwetu Kibondo kutoka Tanga, akapewa wodi ya wazazi, na sisi manesi tukapewa mdomo wake. Kazi aliijua, hilo simnyimi. Lakini kila asubuhi tukikabidhiana zamu alitupasha mbele ya wagonjwa mpaka masikio yanawaka.

Aliyeumia zaidi ni Elieth, binti mpole wa Munanila, aliyeajiriwa juzijuzi. "Chuoni ulisomea unesi au kufuga kuku?" Swaumu alimuuliza siku moja, akina mama wote wakisikia. Tangu hapo Elieth akawa haulizi kitu. Mzazi mmoja alipandwa na presha, Elieth akaiona na kunyamaza, mpaka nilipopita mimi kwa bahati nikaigundua, nikamwita daktari. Niliogopa sana. Nikamfuata Swaumu kumweleza, nikaambulia na mimi matusi yangu.

Waliotuokoa ni wagonjwa na ndugu zao. Asubuhi moja Swaumu aliingia ameshavimba, kidole kikimwelekea Elieth. Kabla hajasema neno, Mama Reverien, aliyekuja kumuuguza mkwewe, akapiga makofi taratibu kama Waha tunavyosalimiana. "Mwidiwe, Sista!"

"Mwidiwe," Swaumu alijibu haraka, akamgeukia tena Elieth.

"Na nyumbani hawajambo?" akadakia mama wa kitanda cha pili, naye akipiga makofi.

"Watoto je?"

"Na wazazi kule Tanga? Mvua wamepata?"

Kwetu salamu haikatwi katikati. Anayeikata anaonekana hakulelewa. Swaumu alijibu kitanda kwa kitanda, akiinama na kupiga makofi, na alipomaliza alikuwa amesahau alichokuja kugombeza. Nilikimbilia stoo kucheka.

Wakafanya hivyo kila asubuhi. Walioruhusiwa kwenda nyumbani waliwaachia kazi hiyo waliolazwa. Taratibu Swaumu akapunguza ukali, na siku nyingine akawa anasalimia yeye kwanza. Elieth akaanza kuinua shingo.

Kisha mchana mmoja mama aliyetoka kujifungua akaanza kutokwa damu nyingi. Elieth alipiga ukelele uliofika getini. "Sista Swaumu, njoo! Damu haikati, sijui nifanye nini!"

Swaumu alikuja mbio. Wodi nzima tukasubiri tusi.

"Umefanya vizuri kuniita," alisema. "Kanda tumbo hapa. Josepha, lete sindano!" Nikakimbia kuileta.

Damu ikakata. Baadaye mama akaomba uji, tena mwingi.

Nilimkuta Swaumu bombani ananawa mikono huku anatabasamu. "Kumbe huyu binti ana sauti!"

"Mwezi uliopita asingekuita," nikamwambia. "Mama yule tungempoteza."

Tabasamu likamtoka. Akafunga bomba. "Nilimtukana mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo, Sista."

Alirudi wodini mikono yake bado ina maji, akasimama katikati ya vitanda. "Elieth, mdogo wangu, nisamehe," alisema, kwa sauti ile ile kubwa aliyokuwa akitugombezea.